Samaki Ndani ya Maziwa ya Gaju

Msibani kule Kitanga, tulipomzika mama mkwe wangu, nilikaa kwenye benchi la wanaume nikasikia habari ya ng'ombe wa mke wangu ikisimuliwa nyuma ya mgongo wangu na watu ambao hawakuwapo. Mmoja alisema nilimlisha ng'ombe samaki. Mwingine akasema hapana, nilimwaga maziwa kwenye ndoo ya dagaa kwa sababu ya ulevi. Pombe sijawahi kuionja. Wa tatu, kijana aliyevaa miwani ya jua msibani, akasema, "Huyu mzee alifundishwa uchawi wa Kizungu kule Kibondo." Nikageuka nikamwambia, "Uchawi wenyewe una viazi na vitunguu. Ukitaka njoo Kasulu nikufundishe." Wakaanza kuzungumza habari za mvua. Tangu nimerudi nyumbani sina raha. Nakaa, nasimama, natoka uani, narudi ndani. Nimeona heri niandike. Shule niliiacha darasa la tatu, na yote niliyo nayo, nyumba hii na mgahawa ule wa karibu na stendi, nimeyapata kwa mikono hii na sufuria. Kwa hiyo maneno yangu ni ya jikoni, asiyeyapenda asisome. Mambo haya yalitokea mwaka 2014. Nilikuwa na mvi tayari, nikidhani mambo ya kunifundisha yamekwisha.

Mwaka ulipoanza nilikuwa Kibondo, mpishi katika nyumba ya wageni waliokuja kuchimba visima. Nyumba ya bati, jiko lake lilikuwa ndani kwa ndani, na dirisha la jiko lilitazamana na chumba cha mgeni mmoja kutoka Finilandi, Bwana Tapio, mtu mkubwa mwenye shingo nyekundu kama amepigwa na jua tangu azaliwe. Malaria ilimwangusha. Dawa alipewa, homa ikashuka, lakini kula akakataa. Nilimpelekea wali, akarudisha. Chapati, akarudisha. Mchuzi wa kuku, akanusa akageukia ukutani. Mimi mtu akirudisha sahani yangu silali vizuri, ni tabia yangu. Siku moja mvua inanyesha akaingia jikoni amejifunika blanketi. Akasema kwa Kiswahili chake cha kuokota, "Mpishi, leo mimi napika. Chakula ya mama yangu." Nikamwambia, "Bwana, jiko hili lina mwenyewe." Akasema, "Basi wewe bosi. Mimi msaidizi." Nikampisha, ila sikutoka.

Alikuwa na samaki, kuhe mzuri aliyeletwa kutoka Kigoma kwenye barafu. Alichemsha kichwa na mifupa pamoja na kitunguu na punje za pilipili manga, akachuja, mifupa akaitupa. Nikaona mtu anajua. Akakata viazi vidogo vidogo, na karoti, akavitia kwenye ile supu. Vilipolainika akatia minofu ya samaki, vipande vikubwa kama kiberiti. Nikachukua mwiko nikoroge. Akanishika mkono. "Hapana koroga! Samaki si ugali. Tikisa sufuria." Nikatikisa. Mpaka hapo tulikuwa ndugu. Kisha akachukua bakuli la mafuta ya juu ya maziwa, ile krimu niliyokuwa nimeiengua asubuhi kwa ajili ya chai yao, akaimimina yote juu ya samaki. Nikaweka mwiko chini. "Bwana Tapio, umeharibu chakula." Akacheka mpaka akakohoa. Akatia siagi, akatia majani makavu ya kwao kutoka kwenye kichupa, yanafanana na majani ya karoti, akapunguza moto. "Sasa hapana chemsha. Ikichemka, inakatika." Akala mabakuli mawili akiwa amesimama, blanketi limemdondoka. Kesho yake alikuwa kwenye mashine yake ya kuchimba. Sisemi supu ilitibu malaria. Dawa ndiyo ilitibu. Lakini dawa humwacha mtu amelala palepale, chakula ndicho humwinua. Nami nilionja kilichobaki, nikiwa nimeupa mlango mgongo nisionekane. Kilikuwa chakula.

Baada ya masika nikapata habari kwamba mke wangu, Yustina, amepasuliwa uvimbe tumboni. Nikaacha kazi nikarudi Kasulu. Nilimkuta kitandani, mifupa ya mabega imejitokeza kama hanga za kuning'inizia nguo. Daktari, mtu wa mikoa ya mbali aliyehamishiwa kwetu, mpole, alinitoa nje akaniambia bila kuzunguka: "Mzee, uvimbe haujaisha wote. Lazima tumrudie. Lakini kwa mwili huu hatoki hai kwenye meza ya upasuaji. Mlishe. Akipata nguvu nitampasua. Asipopata, sitamgusa." Basi hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu mwaka ule. Mimi niliyelisha wachimba visima, madereva, walimu na wasafiri wa mabasi, nilishindwa kumlisha mwanamke mmoja. Uji aliunywa vijiko viwili akafunga mdomo. Ndizi alizitazama tu. Maharage yalimtapisha. Nilizunguka sokoni asubuhi, nikanunua hiki, nikapika, nikamwaga, nikatoka tena. Watu wa sokoni wakanizoea. "Leo umekuja na miguu ya nani, Baba Zawadi? Yako si ilikwisha jana?" Sikucheka.

Tatizo la pili liliingia mlangoni likiwa na kibuyu. Mama mkwe alikuja kutoka Kitanga kumuuguza binti yake. Wasiojua mila zetu niwaeleze: mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapishani mlangoni. Ni heshima. Na heshima ni kitu kizuri nyumba ikiwa kubwa. Yangu ilikuwa na chumba, sebule, stoo, na jiko la nje lililoegemea ukuta wa chumba. Yeye akalala chumbani na mgonjwa. Mimi nikahamia stoo, kati ya magunia ya mahindi na baiskeli. Kila nikitaka kuingia ndani nakohoa kwanza ili apate nafasi ya kujifunika kitenge. Ndani ya nyumba niliyoijenga mwenyewe! Nilikohoa mpaka jirani akaniletea tangawizi. Na sisi wawili tukitaka kuzungumza, tulizungumza kupitia ukuta. Yeye hakuniambia mimi neno, aliuambia ukuta. "Ukuta, mwambie mwenye nyumba kuni zimelowa." Nami nauambia ukuta, "Mwambie mama kuni kavu ziko nyuma ya banda." Yustina alikuwa katikati, kitandani, anasikia vyote. Siku nyingine nilimsikia akicheka, kicheko kidogo kama karatasi, na mama yake akamwambia, "Nyamaza, utafungua mshono."

Sasa ng'ombe. Gaju alikuwa wa mke wangu, si wangu. Tulipooana, baba yake alitupatia mtamba, kama wanavyofanya watu wa ng'ombe, na Gaju alikuwa uzao wa yule. Alikaa bandani nyuma ya jiko, wa kahawia, mpole, mwenye maziwa mazito. Ukoo wa mke wangu maziwa hawayachezei. Hayawekwi motoni, kwa sababu chuchu za ng'ombe zitapasuka. Na hayakutanishwi na samaki hata tumboni: ukila samaki, siku hiyo hunywi maziwa, la sivyo ng'ombe atakauka. Mimi si mtu wa ng'ombe, kwetu ni samaki, lakini miaka yote ya ndoa niliheshimu. Samaki tulikula siku yake, maziwa siku yake. Yustina mwenyewe hata sahani ya samaki alikuwa haiweki karibu na kibuyu. Ndiyo maana supu ya Bwana Tapio nilikaa nayo moyoni bila kuitaja. Lakini mtu anapokonda mbele ya macho yako, unaanza kuhesabu ulivyonavyo. Nilikuwa na ng'ombe uani, samaki anatoka Kigoma kila siku kwa basi, na kichwani nilikuwa na chakula kilichomwinua mtu mwenye mwili kama nyati.

Nikanunua kuhe. Nikachemsha kichwa na mifupa. Nilipofika kwenye viazi nikauambia ukuta, "Mwombe mama maziwa ya asubuhi, yale mafuta yaliyokaa juu." Ukuta ukauliza, "Ya kunywa?" Mimi siongopi. Nikasema, "Ya kupikia. Samaki." Kisha nikasikia kibuyu kinaondolewa mezani, nikasikia kitanda kinalia, maana alikuwa amekaa nacho kitandani amekikumbatia. "Ukuta," akasema, na sauti yake haikuwa ya kuuambia ukuta tena, "mwambie huyo mtu kwamba binti yangu anaumwa. Anataka na ng'ombe aumwe? Wakikauka wote wawili atakuwa amebaki na nini?" Nikasema, "Nitabaki na aibu. Lakini sasa hivi nina mgonjwa." Akasema, "Kwa nini usipike chakula cha watu?" Nikasema, "Chakula cha watu amekikataa, mama! Chote! Unataka nipike nini, mawe?" Nilikuwa nimepaza sauti. Kwa mama mkwe. Nikatoka, nikatembea hadi barabara ya chuo cha ualimu na kurudi, mwiko bado uko mkononi. Ile supu nilimpa Yustina bila maziwa. Akaonja, akasema, "Baba Zawadi, haya ni maji aliyooga samaki."

Nikaenda dukani kwa Mzee Salumu, ambaye baba yake alitoka pwani na yeye hawezi kusahau hilo hata akiuza sabuni. Nikamweleza. Akacheka hadi kofia ikasogea. "Ninyi Waha mna kesi ngumu. Chukua maziwa ya kopo, bwana. Ng'ombe wa kopo yuko Ulaya, akikauka shauri yake." Nikaona ni akili. Nikarudi, nikauambia ukuta kwamba maziwa haya hayana ng'ombe wa huku. Mama akafikiri. "Yana ng'ombe wa mtu," akasema, lakini hakukataza. Nikapika upya. Ilitoka nyeupe, nzuri kwa macho, ila tamu tamu na yenye harufu ya unga. Yustina akaweka kijiko kimoja mdomoni, akakitoa. Hakusema neno. Hilo lilinichoma kuliko maneno, kwa sababu mke wangu ni mtu wa maneno. Wiki ile alianza kulala mchana kutwa. Mama yake alikuwa akimgeuza, nasikia mifupa ikigonga ubao wa kitanda. Mimi nilikaa jikoni moto ukiwa umezimika, nasimama, nakaa, nafunika sufuria tupu, nafunua.

Nikanunua samaki mwingine. Sikujua kwa nini, nilinunua tu. Nikaanza tena: kichwa, mifupa, kitunguu. Yule mama ndani akasikia kisu, akaanza. "Ukuta, huyo mtu hachoki?" Nikajibu, "Hachoki." "Mwambie kama ni maziwa, hapati." "Mwambie mama basi achague tutakayemzika." Hapo ndipo nikasikia sauti ya tatu. Ndogo, kavu, lakini ya Yustina, ile anayotumia akiwa hataki mchezo. "Nyie watu. Mmeniuliza mimi?" Nikaweka kisu chini. "Gaju ni wa nani?" Mama akasema, "Ni wako, mwanangu." "Baba Zawadi, Gaju ni wa nani?" Nikasema, "Ni wako." "Basi mbona mnagombania mali ya mtu ambaye bado anapumua? Mama, mimi naogopa. Hiyo supu naiogopa, sijawahi kuitia kinywani na nikifikiria nasikia kichefuchefu. Lakini jana nilijaribu kukaa nikashindwa. Nikikauka mimi, Gaju atakamuliwa na nani? Toa maziwa. Akikauka, amekaukia mkononi mwangu."

Nilisubiri. Supu ilikuwa inatokota, viazi vimeiva, sijatia samaki. Nikasikia miguu. Nikageukia ukuta haraka kama inavyotakiwa. Kitu kikawekwa kwenye kizingiti cha jiko, taratibu, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. Kilikuwa kibuyu. Nyuma yangu akasema, na safari hii hakutaja ukuta, "Mkwe, usitie bado. Ngoja." Akaenda bandani. Nikamsikia akimfungua Gaju, akizungumza naye kwa Kiha, akimwita mama, akimwomba radhi. Alimtoa kwa mlango wa nyuma. Hakutaka mnyama asikie harufu ya maziwa yake yakipanda pamoja na samaki. Nilichungulia kwenye ufa: bibi kizee amejifunika kitenge, kamba mkononi, anamwongoza ng'ombe katikati ya bodaboda wa Kasulu, nao wanampigia honi. "Bibi, unampeleka shule?" Hakugeuka. Walipopotea kwenye kona nikatia samaki. Nikatia krimu. Majani ya Bwana Tapio sikuwa nayo, nikatia giligilani na vitunguu majani. Sikukoroga, nilitikisa. Sikuacha ichemke.

Nikampelekea mwenyewe chumbani. Sikuwa na haja ya kukohoa. Alifumba macho, akaziba pua kwa vidole kama mtoto anayenyweshwa mwarobaini, akameza. Akafumbua jicho moja. "Chumvi haijakolea," akasema. Nikaongeza. Akameza tena. Alikula kipande cha samaki, akala kiazi, akapumzika, akala kiazi kingine, jasho linamtoka puani. Ilikuwa kazi kubwa kama kulima. Mimi nilimshikia bakuli. Nje nikasikia kwato. Mama alimfunga ng'ombe, akaja akasimama upande wa pili wa ukuta, jikoni kwangu, mimi nikiwa chumbani kwake. "Amekula?" akauliza. "Amekula." "Kiasi gani?" "Yote." "Basi kesho nitamkamua mapema, mafuta yakae juu vizuri."

Ikawa ndiyo utaratibu wetu. Mimi nikianza kukata vitunguu, yeye anatoka na ng'ombe. Watu wa mtaani walijua kwetu tunakula nini kwa kumwona Gaju barabarani. Yustina akaanza kukaa, akaanza kufika mlangoni, akaanza kunigombeza kuhusu uchafu wa stoo. Daktari akamshika mkono, akabonyeza nyama ya juu, akasema, "Bado kidogo. Endeleeni na hicho mnachompa." Hakuuliza ni nini, nasi hatukusema. Kisha Gaju akapungua maziwa, na siku moja akakauka. Sifichi, wala sikufichwa. Mimi nasema alikuwa na mimba na umri umekwenda. Wakwe wanasema samaki. Mama mkwe alijua ng'ombe kuliko sisi wote, na alikuwa na haki ya kusema, maana alituonya. Alimpapasa kiwele, akafuta mikono kwa nyasi, akauliza ukuta, "Mgonjwa amebakiza muda gani arudi kwa daktari?" Nikasema, "Wiki mbili." Akasema, "Niitie bodaboda."

Mke wangu alipasuliwa, akapona, na ndiye anayenisahihishia haya maneno sasa hivi akisema naandika kama ninayekata kuni. Watu wakisimulia huishia hapo. Mimi naishia siku ile ya bodaboda. Mama hakuwahi kupanda pikipiki. Alikaa ubavu, kibuyu kifuani, yule kijana wa bodaboda akamwambia, "Bibi, nishike kiuno, usiogope, mimi dereva wa kimataifa," naye akamshika kola ya shati. Alikwenda Titye, kwa watu wa ng'ombe, kuomba maziwa. Nilishinda mlangoni. Kama angewaambia ni maziwa ya kunywa mgonjwa, nyumba ya kwanza tu wangempa, nani atamnyima mgonjwa? Jua lilikuwa limeanza kupoa aliporudi, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Nikageukia ukuta. Aliweka kibuyu kizingitini, nikasikia ni kizito.

"Niliwaambia ni ya samaki," akasema. "Siwezi kumdanganya mwenye ng'ombe."

"Wakasemaje, mama?"

"Nyumba ya kwanza walinifukuza. Ya pili wamenitemea mate mlangoni, na ni watu wa ukoo wetu. Ya tatu yuko mama mmoja ana mtoto anaumwa, anakonda, hali kitu."

"Huyo ndiye aliyekupa?"

"Amenipa. Yuko hapo nje na mwanawe mgongoni. Anataka kuona unavyopika."